Mbona Hukusema Wewe ni wa Nyumbani?

Kadi ya mchango wa harusi ilikuwa imelala juu ya faili langu. Rangi ya krimu, utepe wa dhahabu, majina ya bwana na bibi harusi yamezungushiwa maua. Chini yake jalada la kahawia lenye nyaraka za kiwanja alichoacha marehemu baba, jalada nililolifuatilia miezi mitatu katika ofisi ya umma ambayo nitaisitiri. Nilishaambiwa njoo Jumatano. Jumatano mhusika yuko semina. Wiki iliyofuata faili halionekani masijala, nyingine limeonekana ila mwenye mhuri hayupo.

Asubuhi hiyo lilikuwa mezani, limefunguliwa ukurasa unaotakiwa. Shangazi yangu husali jumuiya moja na dada wa yule afisa, na usiku alikuwa amepiga simu. "Kaka, mbona hukusema mapema kwamba wewe ni wa nyumbani?" afisa aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekosewa. Saini mbili, mhuri, dakika kumi. Kisha akaisogeza ile kadi upande wangu kwa kidole kimoja, bila kusema neno.

Kwenye benchi la korido alikuwapo mzee niliyemkuta hapo tangu saa mbili, hati zake amezikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimwamkia tena, nikapita.

Ndani ya daladala nilijiuliza kama nimetoa rushwa. Sikuombwa hela ya faili. Nilipewa kadi, kama ninavyopewa na majirani, na nilijua nitachanga. Niliyemkumbuka wakati ule hakuwa mwanasheria yeyote bali Mswidi mmoja aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya usomi kuuliza kitu gani hasa hutokea kati ya meza ya serikali na mtu aliyesimama mbele yake.

Göran Hydén alifika Buhaya, katika Kagera ya leo, miaka ya 1960 akiwa mwanafunzi wa utafiti kutoka Chuo Kikuu cha Lund. Tasnifu yake ya 1968 ina jina la Kiswahili ambalo baadhi ya watu wa Lund bila shaka ilibidi watafsiriwe: TANU Yajenga Nchi. Ilihusu siasa za vijijini katika nchi mpya, chama cha TANU kilivyoshuka kwa mwananchi na mwananchi alivyokipokea. Vijana wengi wa Ulaya wa wakati ule walikuja kuwatazama marais na mawaziri. Yeye alianzia mgombani.

Na mgombani ndiko kwa kuanzia. Anayekijua kibanja cha Mhaya anajua kwamba hilo si shamba tu. Nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, mibuni iko chini ya kivuli cha migomba, maharage yako chini ya mibuni, na marehemu wa ukoo wamelala humo humo. Ndizi hukatwa mwaka mzima. Chakula cha familia hakipiti mikononi mwa karani yeyote. Kahawa ndiyo inayopita: ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo baiskeli. Bei ya kahawa ikiwa mbaya, mwenye kibanja anauacha mbuni bila kupogolewa na hafi njaa. Bei ikiwa nzuri ng'ambo ya mpaka, gunia linajua njia ya Uganda usiku.

Hydén alifundisha Makerere, akafundisha Nairobi, kisha miaka ya 1970 akawa chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, akifundisha siasa na utawala wa umma. Alifika wakati serikali inatoa maagizo kwa kasi ambayo haijapata kuonekana tena. 1972 Siasa ni Kilimo. Mwaka huo huo Madaraka Mikoani, mpango uliozifuta halmashauri na kuwapeleka mikoani maofisa wa serikali kuu, ukiitwa kupeleka madaraka kwa wananchi. 1973 amri kwamba kuishi vijijini si hiari tena. 1974 Azimio la Musoma likaivuta elimu ya msingi kwa wote kutoka 1989, mwaka uliokuwa umepangwa awali, mpaka 1977. 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Hydén aliutazama mtindo wenyewe wa kuamua kuliko uzuri au ubaya wa kila amri. Aliona viongozi wanaoweka lengo kubwa kwanza na kuhesabu gharama baadaye, huku ofisa wa chini akibaki kutafuta walimu, madawati na mabati ambayo hayakuwamo katika hotuba. Aliyewahi kufanya kazi halmashauri asinilaumu kwa kuandika habari hizi kana kwamba ni za zamani.

Operesheni Vijiji, utekelezaji wa amri ile ya 1973, ndiyo iliyompa mfano mkubwa. Inakadiriwa zaidi ya watu milioni tano walihamishwa kati ya 1973 na 1976, wengine kwa malori, wengine nyumba zikiachwa bila paa ili wasirudi. Lakini Buhaya na Kilimanjaro, kwenye migomba na kahawa ya kudumu, watu hawakuhamishwa sana. Ofisa alichora mstari kwenye karatasi kuzunguka nyumba zilizokuwapo, akaziita kijiji, akakiandikisha. Mwenye migomba akaendelea kunywa rubisi yake.

Kitabu kilichotoka 1980, Beyond Ujamaa in Tanzania, kilikuwa na neno moja lililomfuata mwandishi wake maisha yote: mkulima wa Afrika hajanaswa. Kwingineko, alisema, mkulima alinaswa zamani, na kabaila mwenye ardhi, na mwenye maji ya kumwagilia, au na soko ambalo bila hilo hawezi kula. Huku mkulima ana jembe lake na ardhi ya ukoo wake. Serikali inamhitaji kuliko yeye anavyoihitaji serikali. Ukimbana hagomi wala haandamani. Mkutanoni anaitikia "ndiyo, mzee," anapiga makofi pale panapopigwa, kisha anakwenda zake. Miaka mitatu baadaye, katika kitabu kingine, aliifananisha dola ya Afrika na puto linaloelea hewani: kubwa, linaonekana na kila mtu, lakini halikushikwa na ardhi.

Mlimani ya miaka hiyo haikuwa mahali pa kusema maneno hayo kwa raha. Walter Rodney alikuwa ametoa kitabu chake juu ya Ulaya ilivyoidumaza Afrika mwaka 1972, na Issa Shivji akatoa chake juu ya mapambano ya kitabaka Tanzania mwaka 1976. Kwa vijana wengi wa kumbi zile jibu lilikuwa ubeberu, na kama si ubeberu basi tabaka la warasimu waliojificha nyuma ya ujamaa. Mgeni mweupe anayesema tatizo lina mizizi kwa mkulima mwenyewe, na kwamba nchi hizi zitalazimika kupitia ubepari kwanza, hakutegemea kushangiliwa.

Hata hivyo sehemu ya kazi yake ninayoirudia kila ninapokalia benchi la ofisi ni ile ya uchumi unaomwezesha mkulima huyo asinaswe. Kwa Kiingereza aliupa jina ambalo ukilitafsiri neno kwa neno linakuwa uchumi wa mapenzi, na msomaji atadhani tunazungumzia Bongo Fleva. Kiswahili kilikuwa na neno tayari: kujuana. Watu wa mtaani wenye ulimi mwepesi zaidi waliuita undugunaizesheni. Ni ile mitandao ya damu, ya ukoo, ya kijiji, ya msikiti na kanisa, inayomlisha mwenye njaa, inayomsomesha mtoto wa kaka, inayomzika maiti kwa heshima. Watu wanapeana bila risiti, lakini kila mmoja anakumbuka.

Hydén alisema mtandao huo haukomei kijijini. Unapanda basi, unafika mjini, unaingia ofisini na kuketi kwenye kiti cha serikali. Ofisa wa vitabu vya utawala, yule wa mwanasosholojia Max Weber, anamhudumia mtu bila kuangalia sura. Ofisa wetu ameajiriwa na nyumba mbili. Moja inampa mshahara, nyingine ilimlipia ada akiwa kidato cha tano na itambeba akiugua. Ikibidi achague aiudhi nyumba ipi, hahitaji semina kumsaidia kuchagua.

Ndiyo maana sishangai dawa zetu zikigonga mwamba. Tulikuwa na OPRAS kuanzia 2004, ile fomu ya watumishi ya kupima utendaji ambayo wengi waliijaza mwisho wa mwaka kwa siku moja, malengo na matokeo kwa pamoja. Sasa kuna PEPMIS ya kwenye kompyuta. Kuna mkataba wa huduma kwa mteja umebandikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo, na kuna sanduku la maoni ambalo ufunguo wake nao una mwenyewe. Vyote hivi vinamlenga mtumishi wa nyumba moja.

Baada ya Dar es Salaam, Hydén alifanya kazi na Ford Foundation Nairobi, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Florida, Gainesville, akawa hata rais wa jumuiya ya wasomi wanaoichunguza Afrika nchini Marekani. Wasomi wengi wakifika huko hugeuka wataalamu wa bara zima na kusahau kata waliyoanzia. Yeye aliendelea kurudi kwenye Tanzania yake. 1999 aliandika juu ya demokrasia yetu iliyotoka juu kwenda chini. Sisi tunaijua habari hiyo: Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni juu ya mfumo wa vyama, ilikuta karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, na bado viongozi wakafungua mlango wa vyama vingi mwaka 1992.

Sisemi alipatia kila kitu. Msomi mwenzake Nelson Kasfir alimuuliza mwaka 1986 kama kweli wakulima hao wanajitosheleza hivyo, na swali lilikuwa la haki. Mwenye kibanja ananunua chumvi, mafuta ya taa, sabuni, panga. Mkoloni naye aliwanasa babu zetu kwa kodi ya kichwa, akawapeleka wengine manamba kwenye mkonge, na waliolazimishwa kulima pamba wakaishia kwenye Maji Maji mwaka 1905. Dola ikitaka kunasa, inayo namna.

Kwangu kasoro kubwa zaidi iko kwingine. Mkulima wa Hydén anavaa suruali. Nyumba nzima anaihesabu kama mtu mmoja. Ndani ya kibanja kile kile cha Kagera ardhi ilikuwa ya ukoo, na mwanamke aliyepalilia maharage maisha yake yote hakuwa na ruhusa ya kuiuza. Ilibidi ifike 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza, ndipo Jaji Mwalusanya alipoamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa ardhi na baba yake kwa wosia, kisha akaiuza, alikuwa na haki hiyo sawa na mwanamume. Aliyemshitaki alikuwa ndugu yake wa ukoo. Mama huyo alikuwa amenaswa kitambo, na waliomnasa ni wale wale wa kujuana. Uhuru wake aliukuta kwenye meza ya serikali, mbele ya mtu asiyemjua.

Hapo ndipo mimi na kitabu tunapoachana kidogo. Kuna wanaosema kujuana ni ugonjwa, na kuna wanaosema ni utamaduni wetu mzuri tusiuguse. Nilichokuja kukiona ni kwamba kujuana ni utawala kamili, una kumbukumbu zake, una vyeo na adhabu. Nilikiona kwenye harusi ile ile ya kadi ya afisa, kwa sababu baada ya kutoa ahadi niliunganishwa kwenye kundi la WhatsApp, na kwa kuwa naandika vizuri nikapewa ukatibu msaidizi.

Sijawahi kufanya kazi katika taasisi yenye nidhamu kama ile. Kikao Jumapili saa kumi, anayechelewa anapigwa faini ya kreti ya soda. Bajeti ilipitiwa mstari kwa mstari, na mjumbe mmoja, ambaye mchana ni mhasibu wa serikali, alikataa katakata bei ya mapambo mpaka zikaletwa ankara tatu za kulinganisha. Nilimtazama nikajiuliza kama kazini kwake naye hudai ankara tatu. Kila usiku saa tatu mweka hazina aliweka orodha: jina, ahadi, alichotoa, salio. Pesa zilitumwa kwa simu, kila mtu akiona, na aliyeahidi akanyamaza alipigiwa na mtu anayemheshimu, kwa kawaida mjomba. Hakuna aliyehitaji mkataba wa huduma ukutani. Ahadi karibu zote zilikusanywa, na baada ya sherehe tulisoma mapato na matumizi mbele ya wajumbe wakiwa wamekaa.

Ukumbi ulipendeza. Yule afisa alinikumbatia mbele ya wakwe zake, akanitambulisha kuwa mdogo wake.

Orodha ya mwisho bado ninayo kwenye simu. Watu 112. Mimi ni wa 47, nimewekewa tiki ya kijani. Nimeipitia mara mbili nikitafuta mwenye umri wa kuwa yule mzee wa mfuko wa nailoni, kisha nikakumbuka kwamba jina lake sikumuuliza.