Kiungulia na Chakula cha Usiku

Juma hili naomba tuzungumze habari ya kiungulia. Wapo watakaocheka, kwani hapa Tanga kiungulia hakihesabiwi kuwa ni maradhi. Mtu akishika kifua baada ya kula huambiwa anywe maji au atafune kidonge cha magnesiamu, na mazungumzo yakaendelea. Mimi nilikwenda hivyo kwa miaka sita, vidonge havinitoki mfukoni.

Usiku mmoja wa Ramadhani niliamka saa nane, koo linawaka moto na kifua kimebana. Nikaamini kuwa ni moyo. Jirani akanikimbiza hospitali. Moyo ulipopimwa ukaonekana mzima. Daktari, kijana mdogo, akaniuliza, "Mzee, ulikula nini, na ulilala saa ngapi?" Niliona haya kumjibu. Nilikuwa nimefuturu kwa mihogo ya nazi na bajia. Baada ya tarawehe nikala tena wali kwa samaki wa kupaka, kisha nikajitupa kitandani.

Akanieleza. Tumbo hutengeneza asidi kali ya kusaga chakula, nalo lina ute wa kulikinga. Umio, yaani njia ya kupitisha chakula kutoka kooni, hauna kinga kama hiyo. Pale umio unapoungana na tumbo pana msuli unaofunga kama kilango. Tumbo likijaa kupita kiasi, kilango huachia. Na ukilala mara baada ya kula, asidi hupanda kwa urahisi. Mafuta nayo hulichelewesha tumbo kumaliza kazi yake. Sasa tazameni mapishi yetu ya pwani: tui zito, samaki wa kukaanga, kaimati. Sisemi yaachwe, Mungu apishe mbali! Nasema yaliwe mchana.

Kuhusu vyakula vya kuepuka, kila mtu na tumbo lake. Rafiki yangu wa Ngamiani huchomwa na machungwa ya Muheza. Mimi nala matatu bila dhara, lakini vikombe viwili vya kahawa ya barazani hunikosesha usingizi kwa kiungulia. Chukua daftari, andika kwa majuma mawili ulichokula na saa uliyoungulika, utamjua adui wako. Jihadhari na dawa za mtaani. Chai ya mnanaa, tunayoinywa tukidhani inatuliza, hulegeza kile kilango. Maziwa hutuliza kwa kitambo, kisha asidi huongezeka. Magadi yana chumvichumvi nyingi, hayamfai mwenye presha.

Nilichofanya mimi ni kidogo. Chakula kikubwa nakila mchana. Cha usiku ni kidogo, na nakimaliza saa tatu kamili kabla ya kulala. Miguu ya kitanda upande wa kichwani nimeiinua kwa matofali, kama inchi sita. Mito haisaidii, maana hulikunja tumbo. Nalala ubavu wa kushoto. Mama watoto alilalamika kwamba anateleza kuelekea miguuni, sasa amezoea. Katika Ramadhani nafuturu kwa tende na uji, chakula kizito kidogo tu. Daku ndiyo ngumu, kwa sababu wengi wetu tukishasali alfajiri tunarudi kitandani. Mimi huketi barazani mpaka jua lipande.

Lakini si kila kinachochoma kifuani ni kiungulia. Maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, na jasho likikutoka, kimbilia hospitali usiku huohuo. Chakula kikianza kukukwama, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, usinunue kidonge kingine. Nenda Bombo au hospitali iliyo karibu nawe ukapimwe. Saratani ya umio inaonekana zaidi katika Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia, na wagonjwa wengi hufika wakiwa hawawezi tena kumeza hata uji. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kuwa vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani hiyo. Kwa hiyo ile chai yetu ya asubuhi, tunayoipuliza huku tunainywa, mimi sasa naimimina kikombeni kwanza, ndipo nakwenda kuoga.