Alama 60 Zinazosahaulika Kwenye Mtihani wa Piano

Wanafunzi wengi wa piano hujiandaa kwa mtihani wa gredi kwa njia moja. Huchagua vipande vitatu vya muziki, huvipiga miezi nenda miezi rudi, na yaliyobaki huyaachia wiki mbili za mwisho kwa mtindo wa zimamoto. Mzazi huridhika, maana nyumba imejaa muziki. Lakini maandalizi ya namna hiyo yanatupa alama bure, na ubaya wake ni kwamba sehemu zinazopuuzwa ndizo hasa zisizokubali zimamoto.

Tuanze na hesabu. ABRSM ni bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1889, na mitihani yake ya gredi 1 hadi 8 hufanywa pia Afrika Mashariki. Mtihani wake wa vitendo una alama 150. Kila kipande kina alama 30, kwa hiyo vitatu ni 90. Zilizobaki 60 zimegawanywa hivi: skeli na arpejio 21, kusoma nota papo kwa papo 21, na majaribio ya sikio 18. Kufaulu ni alama 100, daraja la kati ni 120, na la juu kabisa ni 130. Sasa chukulia watahiniwa wawili waliopiga vipande vyao sawasawa, wote wakapata 24 kwa kila kimoja, yaani 72. Wa kwanza akipata 17, 17 na 15 kwenye sehemu nyingine, jumla yake ni 121. Wa pili akipata 10, 9 na 8, ana 99: ameanguka kwa alama moja. Vipande vilevile, matokeo mbingu na ardhi.

Kwa nini sehemu hizo hazikubali zimamoto? Kwenye kusoma nota, mtahini humpa mtoto muziki ambao hajawahi kuuona, na nusu dakika ya kuupitia na kuujaribu kabla ya kuupiga. Aliyezoea kuvipiga vipande vyake kwa mazoea ya vidole, bila kutazama karatasi, hapo hana pa kushika. Dawa ni mistari michache mipya kila siku, myepesi kuliko gredi yake, apige bila kusimama hata akikosea. Skeli nazo si adhabu. Katika skeli ya C kwa mkono wa kulia, kidole gumba hupita chini ya kidole cha kati ili kuifikia F, na mkono uendelee kupanda bila kukatika. Mwendo huohuo umejificha ndani ya vipande. Aliyeufanyia kazi kwenye skeli anaukuta tayari umo mkononi.

Mtu atasema vipande vitatu ni vigumu, hivyo vinahitaji muda wote uliopo. Hoja hiyo inachukulia kwamba wingi wa kurudia ndio unaoleta ubora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia wapiga piano 17 katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, wakijifunza sehemu fupi ya konseto ya mtunzi Shostakovich. Waliopiga vizuri zaidi siku iliyofuata hawakuwa waliorudia mara nyingi wala waliokaa muda mrefu. Kilichowatofautisha ni jinsi walivyoshughulikia makosa: waliligundua kosa mara moja, wakapunguza kasi mahali hapo, wakalirekebisha kabla halijawa mazoea. Anayeanza upya kutoka juu kila anapojikwaa anatumia dakika ishirini kwa kazi ya dakika tano, na hizo kumi na tano ndizo zinazokosekana kwenye skeli na kusoma.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi. Tangu mwaka 2020 bodi hiyohiyo ina mtihani wa onyesho, ambapo mtahiniwa hurekodi vipande vinne kwa video, bila skeli, kusoma wala sikio. Ni njia halali, na inawafaa wanaopenda jukwaa. Lakini anayesoma nota vizuri hujifunza vipande vinne upesi; asiyesoma atamtegemea mwalimu mstari kwa mstari hadi gredi ya mwisho. Na kwa asiye na piano nyumbani, majaribio ya sikio yanataka sauti na viganja tu: kupiga makofi kwa mapigo, kuimba mstari uliosikika, kutambua palipobadilika. Mtoto aliyekulia kwenye kwaya akiimba do, re, mi ameshapiga hatua ambayo wengi huitafuta kwa ada.

Kwa hiyo mwenye dakika arobaini kwa siku anaweza kuzigawa hivi: ishirini kwa sehemu ngumu za vipande, kumi kwa skeli, tano kwa kusoma kitu kipya, tano kwa kuimba na kusikiliza. Mzazi asiyejua nota hata moja naye ana njia ya kupima maendeleo. Badala ya kuomba kile kipande anachokisikia kila jioni, amwekee mwanawe ukurasa asiouzoea wa kitabu cha gredi ya chini, kisha asikilize.