Barua ya Nyanya na Sauti Iliyoachwa

Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, uliwakusanya Wasanga, Waluba, Walunda na Wachokwe mlango kwa mlango, na watoto wao wakakua wakisema Kiswahili. Hatuwalaumu. Lakini mtoto wa namna hiyo akipewa barua ya nyanya yake iliyoandikwa kwa Kiluba, huzisoma herufi zote bila kosa, na wazee wanaomsikiliza hucheka. Amekosa nini?

Katika Kiswahili twakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na kazi imekwisha. Kiluba sicho hivyo. Kila silabi ina sauti yake, ya juu au ya chini, na anayeigeuza amesema neno jingine, ama hakusema neno lo lote. Wasomaji wanaojua Kilingala watatuelewa upesi: kokoma, kwa sauti ya chini, ni kuandika, silabi ya katikati ikipanda, kokóma, ni kufika. Pasipo alama, utajuaje kama ndugu yako ameandika au amefika?

Mto wetu Lualaba, ukiisha kupita Kisangani, hufika kwa Walokele, mabingwa wa ngoma ya gogo. John Carrington, mmisionari wa Kiprotestanti wa Yakusu, aliyetoa kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949, alionyesha kwamba maneno alambaka boili yaweza kuwa na maana ya "aliuangalia ukingo wa mto", na kwa sauti nyingine, "alimchemsha mama mkwe wake". Wakwe watusamehe! Ngoma hutoa sauti za juu na za chini tu, haina herufi. Mwezi na kuku kwa Kilokele vina sauti zile zile, kwa hiyo mpigaji huongeza maneno mengi ili kuvitenganisha. Kalamu hufanya kinyume: huchukua herufi na kuiacha sauti njiani.

Katika Katanga, Padre Van Avermaet, Mfransisko, aliandika mwaka 1945 juu ya sauti za Kiluba na ngoma ya kupelekea habari. Mwaka 1954 ilitoka kamusi yake kubwa ya Kiluba na Kifaransa, aliyoitunga pamoja na Benoît Mbuya, na humo sauti zimetiwa alama. Lakini barua za nyumbani huandikwa bila alama, kwa maana mwenye lugha huitambua sauti kutokana na maneno yaliyo jirani.

Mwenye lugha, ndiyo, mjukuu je? Kutia alama juu ya kila silabi kwachosha mkono na macho. Sisi twaona yafaa kuzitia pale maneno mawili yanapogongana, na katika vitabu vya watoto. Hata hivyo alama humwambia mtoto kwamba sauti yapanda, haimpi sikio. Nyanya akija mjini wakati wa likizo, mpeni barua yake mwenyewe aisome kwa sauti, mjukuu akifuata kwa kidole.