Sanamu iliyozama ziwani na somo lake kwa wazazi

Hyderabad, India. Familia nyingi za Afrika Mashariki zinazofika katika mji huu wa kusini mwa India hufuata matibabu. Kati ya siku ya vipimo na siku ya majibu hubaki saa nyingi za kukaa chumbani, na mtoto huanza kuuliza watatoka lini.

Pa kumpeleka papo katikati ya mji: Ziwa Hussain Sagar, ambako sanamu ya Buddha imesimama juu ya mwamba, maji yakiizunguka pande zote.

Ziwa hilo si la asili. Lilitengenezwa na watu katika karne ya 16, na leo liko kati ya Hyderabad na mji pacha wake, Secunderabad. Sanamu yenyewe ni changa zaidi. Ina urefu wa takriban mita 18, sawa na jengo la ghorofa sita, uzito wake unazidi tani 300, na imechongwa kutoka jiwe moja la graniti.

Wazo lilikuwa la N. T. Rama Rao, mwigizaji maarufu wa filamu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa jimbo la Andhra Pradesh. Alipoiona Sanamu ya Uhuru mjini New York, alitaka mji wake nao uwe na ya kwake. Kazi ya kuchonga ilianza miaka ya 1980, chini ya mchongaji Ganapathi Sthapati.

Siku ya majonzi

Machi 10, 1990, sanamu ilipakiwa kwenye tishali ili ivushwe hadi kwenye mwamba. Haikufika mbali. Tishali lilielemewa, sanamu ikateleza na kuzama, na baadhi ya wafanyakazi waliokuwa nayo wakapoteza maisha. Kwa zaidi ya miaka miwili ililala chini ya maji, hadi ilipoopolewa na kusimamishwa mahali pake Desemba 1992.

Leo wageni hufika hapo kwa boti kutoka bustani ya Lumbini, iliyopewa jina la mahali alipozaliwa Buddha. Safari ni ya dakika chache tu, na hapo ndipo wazazi wengi hujisahau.

Kabla ya kupanda boti

Shirika la Afya Duniani (WHO) linataja kuzama majini kuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto. Mtoto mdogo huzama haraka, mara nyingi bila kupiga kelele, hivyo ufupi wa safari si kinga.

Mvalishe jaketi la kuokolea maisha linalomtosha. Funga vishikizo vyote, kisha livute juu kwa mabegani. Likipanda hadi masikioni au kidevuni, ni kubwa mno, omba jingine. Kama hakuna la saizi yake, au boti imejaa kupita kiasi, subirini inayofuata. Mkiwa ndani, mtoto akae, asiegemee ukingo, na mtu mzima mmoja ajue kuwa yeye ndiye mwenye zamu ya kumwangalia. Simu ya kupiga picha ikae mfukoni.

Mambo mengine ni ya kawaida lakini husahaulika. Kati ya Aprili na Mei joto la Hyderabad hupita nyuzi 40, hivyo jioni ndiyo saa nzuri, tena taa za sanamu huwaka. Beba maji safi ya kunywa. Ziwa limepokea majitaka ya mji kwa miaka mingi, kwa hiyo mtoto asichezee maji yake, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kama ametoka kufanyiwa upasuaji au ana kidonda, muulize daktari wake kwanza.

Mkifika kwenye mwamba, mtoto huenda akauliza kwa nini sanamu imeinua mkono wa kulia, kiganja kikitazama mbele. Katika mila ya Wabuddha, ishara hiyo ina maana ya ulinzi na kuondoa hofu. Kwa mtoto anayesubiri kurudi wodini, ni jibu zuri la kumpa. Mpe huku umemshika mkono.