Agosti ya Timu Changa: Jinsi ya Kuusoma Mwanzo Mbaya wa Msimu

Timu changa ni kikosi ambacho wachezaji wengi wanaoanza mechi wana umri wa miaka 23 au chini ya hapo, na ambacho bado hakijacheza pamoja kwa muda wa kutosha. Mara nyingi timu ya namna hii huuanza msimu kwa vichapo. Hufungwa mabao mepesi, hupoteza nafasi za wazi, na baada ya wiki tatu au nne hujikuta ikiburuza mkia. Baadhi ya timu hizo huinuka na kumaliza msimu zikiwa juu, nyingine hushuka daraja. Mwezi wa Agosti hali za aina zote mbili hufanana sana ukiutazama msimamo wa ligi peke yake, na kwa hiyo shabiki anahitaji kujua mambo mengine ya kutazama.

Mfano unaofaa kuchambuliwa kwa undani ni Arsenal ya msimu wa 2021/22. Klabu hiyo ya London ilikuwa imemaliza nafasi ya 8 misimu miwili mfululizo. Kocha Mikel Arteta, aliyeajiriwa Desemba 2019, alisajili wachezaji sita majira hayo ya joto, na hakuna hata mmoja aliyezidi umri wa miaka 23: beki Ben White, kipa Aaron Ramsdale, viungo Martin Ødegaard na Albert Sambi Lokonga, na mabeki wa pembeni Takehiro Tomiyasu na Nuno Tavares. Hao waliungana na vijana waliokuwapo tayari, wakiwemo Bukayo Saka, Emile Smith Rowe na Gabriel Martinelli. Kikosi kikawa kichanga kuliko vyote katika Ligi Kuu ya Uingereza msimu huo.

Mwanzo wake ulikuwa mchungu. Tarehe 13 Agosti ilifungwa 2-0 na Brentford, timu iliyokuwa inarudi ligi ya juu kwa mara ya kwanza tangu 1947. Tarehe 22 ikafungwa 2-0 nyumbani na Chelsea. Tarehe 28 ikapigwa 5-0 na Manchester City, huku kiungo Granit Xhaka akitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Mechi tatu, pointi sifuri, bao la kufunga hakuna, mabao ya kufungwa 9, nafasi ya 20. Arsenal ilikuwa haijapoteza mechi zake tatu za kwanza za ligi tangu 1954. Kuanzia uwanja wa Emirates hadi vibanda umiza vya Dar es Salaam na Nairobi, mashabiki wengi walitaka kocha afukuzwe.

Sababu ya kwanza ya mwanzo wa aina hiyo ni kwamba ligi huanza kabla kikosi hakijakamilika. Katika ligi nyingi za Ulaya dirisha la usajili hufungwa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, wakati mechi kadhaa zimeshachezwa. Timu yenye wachezaji waliokomaa huvumilia pengo hilo, kwa kuwa wenzao wamezoeana. Timu inayojengwa upya haina akiba hiyo. Tomiyasu alisaini tarehe 31 Agosti, siku tatu baada ya kile kichapo cha Manchester. White alicheza mechi ya Brentford, kisha akazikosa mbili zilizofuata kwa sababu ya UVIKO-19. Beki wa kati Gabriel Magalhães na kiungo Thomas Partey walikuwa majeruhi. Timu iliyofungwa mabao 9 haikuwa ile iliyokuwa imepangwa na kocha. Ilikuwa nusu yake.

Sababu ya pili ni maelewano. Ulinzi wa soka ya leo hutegemea watu wanne au watano kusogea kwa pamoja, mmoja anapotoka kukaba mwenzake afunike nafasi, na mstari mzima upande au urudi kwa wakati mmoja. Mambo haya hufundishwa mazoezini, lakini hukomaa ndani ya mechi. Mabeki waliozoeana hujua bila kuulizana nani anafuata mpira na nani anabaki. Wageni husita, na mshambuliaji wa kiwango cha juu hahitaji muda zaidi ya huo wa kusita. Timu changa huumia zaidi ikiwa kocha anataka wacheze kwa kukaba juu, karibu na lango la adui, maana mtu mmoja akichelewa hatua mbili, nyuma yake hubaki uwanja mtupu.

Sababu ya tatu ni maamuzi. Kijana wa miaka 20 anaweza kuwa na kasi, pumzi na ufundi kuliko mtu wa miaka 30, ila hajapitia hali nyingi za mchezo. Hajui bado lini atulize mpira, lini afanye faulo ndogo katikati ya uwanja, lini aupige mpira jukwaani bila aibu, na jinsi ya kuzicheza dakika kumi baada ya timu yake kufungwa. Bao la pili la Brentford lilitokana na mpira mrefu wa kurushwa kwa mikono ulioachwa udunde mbele ya lango, na Christian Nørgaard akaupiga kichwa. Kulizuia bao kama hilo kulihitaji mtu mmoja tu wa kuamua kwamba mpira ule ni wake, na uamuzi wa haraka wa namna hiyo hujengwa na mechi nyingi. Uzoefu peke yake, hata hivyo, si kinga kamili: Xhaka aliyepewa kadi nyekundu alikuwa na miaka 28.

Sababu ya nne ni hali ya akili na mwili. Majira ya joto ya 2021 Saka, akiwa na miaka 19, alikosa penalti katika fainali ya Kombe la Ulaya tarehe 11 Julai, akatukanwa kwa matusi ya kibaguzi mitandaoni, kisha akarudi kuuanza msimu mwezi mmoja baadaye akitokea benchi. Tena ule ulikuwa msimu wa kwanza wa viwanja kujaa tangu janga la UVIKO-19. Vijana kadhaa walikuwa wamejifunza soka ya wakubwa mbele ya viti vitupu, na sasa walikutana na kelele za maelfu ya watu, za wenyeji na za mashabiki wao wenyewe.

Sababu ya tano haihusu timu yenyewe. Ratiba ya ligi hupangwa bila kujali nani anajenga kikosi. Chelsea iliyocheza na Arsenal ilikuwa bingwa wa Ulaya wa miezi mitatu nyuma, na Manchester City ilikuwa bingwa mtetezi wa Uingereza. Mechi tatu ni chini ya sehemu moja ya kumi ya msimu wenye mechi 38, na mbili kati ya hizo zikiwa dhidi ya vigogo, msimamo wa ligi husema machache kuhusu uwezo wa timu.

Yaliyofuata yanathibitisha hivyo. Tarehe 11 Septemba, dhidi ya Norwich, ndipo Ramsdale alipokaa langoni kwa mara ya kwanza katika ligi huku mbele yake wakiwepo Tomiyasu, White, Gabriel na Kieran Tierney. Arsenal ilishinda 1-0. Ikashinda 1-0 kwa Burnley kwa mpira wa adhabu wa Ødegaard, ikaifunga Tottenham 3-1 ambapo Smith Rowe na Saka walifunga, kisha ikatoka suluhu na Brighton. Katika mechi hizo nne ilifungwa bao moja tu. Ilicheza mechi nane za ligi bila kupoteza hadi ilipofungwa 4-0 na Liverpool tarehe 20 Novemba. Kocha alikuwa yuleyule na mpango wake uleule. Kilichobadilika ni kwamba wachezaji waliokusudiwa walikuwa sasa uwanjani pamoja.

Hata hivyo kupanda kwa timu changa hakuendi mstari mnyoofu. Aprili 2022, Partey na Tierney walipoumia, Arsenal ilipoteza mechi tatu mfululizo kwa Crystal Palace, Brighton na Southampton. Mwezi Mei, nafasi ya Ligi ya Mabingwa ikiwa mkononi, ikafungwa 3-0 na Tottenham na 2-0 na Newcastle ndani ya siku tano. Ilimaliza ya 5 kwa pointi 69, pointi mbili nyuma ya Tottenham. Saka alifunga mabao 11 ya ligi na Smith Rowe 10. Msimu uliofuata, ikiwa imewaongeza Gabriel Jesus na Oleksandr Zinchenko waliokuwa wamezoea kutwaa ubingwa Manchester City, ilimaliza ya 2 kwa pointi 84, na uliofuata huo ikawa tena ya 2 kwa pointi 89.

Historia ina mifano mingine ya kupona. Majira ya joto ya 1995 Manchester United iliwaachia Paul Ince, Mark Hughes na Andrei Kanchelskis, na nafasi nyingi zikachukuliwa na vijana kutoka timu yake ya vijana: David Beckham, Paul Scholes, Nicky Butt na ndugu wawili, Gary na Phil Neville. Mechi ya kwanza, tarehe 19 Agosti, walifungwa 3-1 na Aston Villa, na mchambuzi wa BBC, Alan Hansen, akatangaza kwamba ubingwa haupatikani kwa watoto. Mei 1996 watoto hao walikuwa na ubingwa wa ligi na Kombe la FA. Nchini Ujerumani, Borussia Dortmund ya Jürgen Klopp iliuanza msimu wa 2010/11 kwa kufungwa 2-0 nyumbani na Bayer Leverkusen. Ikiwa na Mario Götze wa miaka 18, na Mats Hummels, Neven Subotić na Shinji Kagawa wa miaka 21, ilishinda mechi saba zilizofuata na kutwaa ubingwa.

Timu hizo mbili zina jambo moja linalofanana: vijana hawakuachwa peke yao. Manchester United ilikuwa na Peter Schmeichel langoni, Steve Bruce na Gary Pallister katika ulinzi, Roy Keane katikati, na Eric Cantona aliyerejea Oktoba baada ya kumaliza adhabu yake ya kufungiwa. Dortmund ilikuwa na kipa Roman Weidenfeller, mwenye miaka 30, nyuma ya vijana ambao baadhi yao walikuwa wamefanya kazi na Klopp tangu 2008. Ujana uliotiwa nguzo za namna hii hukua haraka.

Upande wa pili ipo Southampton. Mwaka 2022 klabu hiyo iliwekeza katika vijana ambao wengi wao walikuwa hawajazoea Ligi Kuu: kipa Gavin Bazunu wa miaka 20, beki Armel Bella-Kotchap wa miaka 20, kiungo Roméo Lavia wa miaka 18. Vipaji vilikuwepo kweli, na mwezi Agosti waliifunga Chelsea 2-1. Lakini mabao yalikuwa adimu, na klabu ikatumia makocha watatu ndani ya msimu mmoja: Ralph Hasenhüttl, Nathan Jones na Rubén Sellés. Kila kocha alileta mpango wake, na vijana wakaanza upya kila mara. Southampton ilimaliza ya mwisho kwa pointi 25 na kushuka daraja. Kwa kikosi ambacho hakijajifunza bado, kubadilishiwa mwalimu mara mbili ni gharama kubwa kuliko kupoteza mechi tatu.

Kutokana na mifano hii, shabiki anayetaka kuuhukumu mwanzo wa timu yake kwa haki ana maswali manne ya kujiuliza. Swali la kwanza: je, walioshindwa ndio kikosi kilichokusudiwa, au nusu yao wako kwa daktari na wengine bado hawajasaini? La pili: makosa yanabadilika au yanajirudia? Timu inayofungwa kwa kona wiki hii, na baada ya wiki tatu haifungwi tena kwa kona, inajifunza. Inayofungwa bao lilelile mwezi Novemba ina tatizo la kocha au la uwezo. La tatu: timu inatengeneza nafasi za kufunga? Nafasi zikiwepo, mabao huja. Zisipokuwepo, bahati haiwezi kuficha upungufu kwa mechi 38. La nne: nani anaongoza uwanjani mambo yakiharibika? Kama hakuna mkubwa hata mmoja kati ya kipa, beki wa kati na kiungo mkabaji, usajili ulikosewa na vijana wanabebeshwa lawama isiyo yao.

Liko pia suala la mzigo. Shabiki hupenda kumwona kipenzi chake akianza kila mechi, lakini mwili wa kijana una kikomo. Msimu wa 2020/21 Pedri, akiwa na miaka 18, alicheza mechi zaidi ya 70 kwa Barcelona na Hispania, ikiwemo michuano ya Ulaya na Olimpiki ya Tokyo. Msimu uliofuata majeraha yalimweka nje kwa vipindi virefu. Kocha anayempumzisha kijana mwezi Septemba anailinda Aprili ya timu nzima.

Shabiki ana haki ya kudai, kwa kuwa ndiye anayelipa kiingilio na kuipa klabu uhai. Aelekeze madai yake kwa wanaostahili. Uongozi uulizwe kwa nini usajili ulichelewa na kwa nini nguzo za timu hazikununuliwa. Kocha aulizwe makosa yanayojirudia. Kijana wa miaka 19 aliyepoteza pasi asizomewe, kwa sababu mchezaji anayeogopa kuzomewa huacha kujaribu, na kujaribu ndiko kulikomfanya asajiliwe. Hukumu ya timu changa itolewe baada ya mechi kumi au kumi na mbili, kikosi kikiwa kimekamilika na ratiba imeshapita kwa wakubwa na wadogo. Kabla ya hapo timu inastahili subira. Baada ya hapo, kama makosa ni yaleyale, inastahili kuulizwa maswali magumu.