Gitaa la besi lililorekebishwa lataka njia yake katika kurekodi

MWANAMUZIKI anapolirekebisha gitaa lake kwa mikono yake, hupata sauti isiyouzwa dukani. Lakini wenzake wanapokutana naye na kupiga papo kwa papo, bila nota zilizoandikwa, sauti hiyo hutoka mara moja tu. Kisichonaswa siku hiyo hakirudi.

Mfano mashuhuri ni wa Mmarekani Jaco Pastorius. Gitaa lake la besi, Fender Jazz Bass la mwanzoni mwa miaka ya 1960, liliondolewa vipande vya chuma vinavyokingama shingoni. Mianya ikazibwa, kisha ubao wa shingo ukapakwa epoksi, utomvu mgumu utumiwao na waunda mashua, ili nyuzi zisiule.

Marekebisho hayo yalifanya sauti iteleze kutoka nota moja hadi nyingine, mithili ya koo la mwimbaji. Wapenzi wa muziki waliisikia katika albamu yake ya mwaka 1976, na katika Heavy Weather ya kundi la Weather Report mwaka 1977.

Mwaka 1986 gitaa hilo liliibwa jijini New York. Mwaka uliofuata Pastorius akafariki akiwa na umri wa miaka 35. Gitaa lilipatikana tena baada ya miaka 20 hivi. Muda huo wote, rekodi ndizo zilizoitunza sauti yake.

Je, sauti kama hiyo hunaswaje? Kosa la kawaida ni kuweka maikrofoni moja katikati ya chumba. Uzi mnene zaidi wa besi ya nyuzi nne hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita nane. Katika chumba kidogo, wimbi hilo huvuma kwa nguvu pembeni na kufifia kwingineko. Hapo besi humezwa na ngoma.

Dawa yake ni kuipa besi njia yake. Waya wa gitaa huingizwa katika kisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita DI. Kisanduku hicho huigawa sauti: sehemu moja huenda kwenye mashine ya kurekodia, nyingine kwenye spika ili wenzake wasikie.

Anayetaka pia mngurumo wa spika anaweza kuongeza maikrofoni, lakini iwe karibu nayo kabisa. Sauti husafiri mita moja kwa takriban elfu-tatu za sekunde. Ikichelewa, mawimbi mawili huweza kupingana na besi ikasikika nyembamba.

Kiwango cha sauti nacho kiachiwe nafasi, kwani mpigaji aliyechangamka huongeza nguvu, na sauti iliyopasuka hairekebishiki vyema baadaye. Gitaa lenye kikuza sauti cha betri litiwe betri mpya. Lisilo na vyuma shingoni lipimwe nyuzi mara kwa mara, maana kidole kikikosea kidogo tu, nota hupotoka.

Matayarisho haya huchukua dakika chache, tena kabla ya nota ya kwanza. Baada ya hapo, kama wasemavyo wahenga, maji yakimwagika hayazoleki.