Kukutana tena na rafiki wa masomo

Vita imetutawanya. Wale tuliokaa nao benchi moja pale Masisi ao Walikale, leo wengine wako Bukavu, wengine Uganda. Vita ilipofika Goma Januari 2025, kisha Walikale Machi, wengi wetu tulipoteza hata namba za simu.

Ndiyo maana tunasema: siku mbili za mwisho wa juma pamoja na rafiki wa zamani si anasa. Mbele yake hatuhitaji kujieleza. Anajua tulikuwa nani kabla ya kukimbia.

Tupange kama likirimba: kila mmoja atoe kidogo kila juma, na zamu ya kupokea wageni izunguke. Tuulize habari ya barabara kabla ya kupanda pikipiki. Tulale kwa mwenzetu. Mmoja alete unga, mwingine sombe, wa Masisi alete fromaji. Watoto wabaki na baba yao ao shangazi.

Na asiye na nauli? Tumchangie wa kwanza. Pengine ndiye anayehitaji kutuona kupita wote.